Kaskazi Kwenye Matope ya Mida



Januari hii watu wa pwani tunalia na joto. Kaskazi inavuma, maji ya kisima yameshuka, na ikifika saa 7 mchana hata kuku wanajibanza kivulini midomo wazi. Wakati huohuo, huko Taimyr, rasi iliyo juu kabisa ya Siberia nchini Urusi, jua halichomozi kwa sehemu kubwa ya mwezi. Baridi inashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na ardhi imeganda ikawa jiwe. Ndege waliozaliwa juu ya ardhi ile sasa wako hapa kwenye hori ya Mida, nyuma ya Watamu, pwani ya Kenya, miguu yao ndani ya matope yenye vuguvugu. Nikiketi barazani nawaona kwa macho matupu. Nikichukua darubini naona hata mnyoo unavyovutwa kutoka topeni.

Pwani yetu haina theluji. Baridi yetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, na dawa yake ni shuka ya pili. Lakini Mungu ameiweka pwani hii mahali wanapokimbilia wanaokimbia baridi mbili za kwingine. Kaskazi inapokaribia, wanashuka ndege wa Ulaya, wa Siberia na wa Bara Arabu. Kusi inaposhika, wanapanda wengine kutoka Bukini, yaani Madagaska, na kutoka kusini mwa Tanzania. Mwenye nyumba karibu na bahari, hata ikiwa ni chumba kimoja cha makuti, ana cha kutazama mwaka mzima. Leo nitakaa zaidi na hawa wa kaskazi, kwa sababu ndio waliopo sasa, na kwa sababu nina la kusema juu yao.

Ninalotaka kusema ni hili. Wengi wetu, hata tunaowapenda, tunawahesabu kuwa ndege wa ng'ambo waliokuja kupumzika. Mimi nasema tuhesabu miezi. Mchukueni kitwitwi wa Taimyr, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, uzito wake gramu 60 hivi. Hufika kule Juni, theluji inapoyeyuka. Dume akishamaliza kazi yake ya kupandisha, hakai kuatamia mayai wala kulea. Mwanzoni mwa Julai ameshaanza kurudi. Jike huondoka baada yake, na vifaranga huja mwisho, peke yao, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia. Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, wakubwa wa kwanza wameshatua Mida, na wengine bado wana mabaki ya rangi nyekundu waliyojipamba nayo kule. Hukaa hadi Aprili. Kwa hiyo kwetu wana karibu miezi 8, kule wana kama miezi 2, na iliyobaki wako njiani. Ndege anayekula, kulala, kubadili manyoya na kukomaa katika matope ya Mida miezi 8 kwa mwaka ni mkaazi wa Mida. Kule kwingine anakwenda kuzaa.

Nitarudi ufuoni, lakini nianzie uani, maana siku yangu nami huanzia huko, kahawa mkononi.

Kwenye mnazi ulio karibu na jiko wanaishi teleka, wale wembamba wenye mkia uliochongoka, ambao maisha yao karibu yote wako hewani. Hubandika manyoya kwa mate yao kwenye kuti linaloning'inia, upande wa ndani, kisha mayai nayo huyabandika kwa mate juu ya manyoya hayo. Mzazi anayeatamia hushikilia wima kwa kucha. Kaskazi ikipiga, kuti linayumba huku na huku kutwa nzima, na yai halianguki. Ndiyo maana mkwezi anapokuja kuangua nazi, namwomba atazame kwanza makuti yaliyokauka kabla ya kuyakata. Wakwezi ni watu waelewa. Ukishawaonyesha mara moja, mara ya pili wanakuonyesha wao.

Mnazi wa pili ni wa mnana, wale wa manjano iliyokolea, kichwa kinakaribia rangi ya chungwa. Dume hupasua ukuti uzi mwembamba, huusokota na kuusuka, naye jike huja kukagua. Asiporidhika huondoka, na nyumba yenyewe huweza kubomolewa na mjenzi wake, aanze upya. Kelele zao ni nyingi tangu alfajiri na mimi sijawahi kuzichoka. Shore wako kwenye mwarobaini, wanakula matunda yake na kuzitawanya mbegu kila mahali, na ndiyo sababu mwarobaini unaota hata pale ambapo hakuna aliyeupanda. Chozi hubembea kwenye maua. Dudumizi yuko ndani ya kichaka, anasikika zaidi kuliko anavyoonekana, na wazee hapa wangali wanamsikiliza kwa ajili ya mvua.

Hao ni wa siku zote. Ukikaa kimya wakati wa kaskazi utagundua wengine katikati yao. Kwenye waya wa kuanikia nguo atatua ndege mdogo wa kijivu, hana urembo wowote. Atachupa hewani, atadaka nzi, atarudi palepale alipokuwa. Huyo ametoka Ulaya au Asia, na hupita kwetu kwa wingi mwezi wa Oktoba na Novemba, kisha tena Machi na Aprili. Kwenye mwembe, karibu na majira hayohayo, unaweza kubahatika kumwona wa manjano safi mwenye mbawa nyeusi na mdomo wa waridi. Naye ametoka nchi ambazo sasa miti yake haina hata jani moja. Juu ya paa keremkerem wa kijani kutoka Asia wanawinda kwa makundi, na sauti zao unazisikia kabla hujawaona.

Keremkerem hawa wananikumbusha kerengende, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, kerengende wa rangi ya manjano hujaa hewani pwani yetu, na tangu utotoni tumekuwa tukiwaona bila kuuliza wametoka wapi. Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe wa baharini aitwaye Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja kwamba kerengende hawa wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India, wakipitia Maldives, ambako aliwaona wakifika kwa wingi ilhali visiwa vile havina mito wala mabwawa ya kuwazalisha. Wanapanda upepo wa juu unaokuja upande wetu. Na nyuma yao, katika majira yaleyale, huja kozi wadogo wa bonde la mto Amur, ambao huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China, kisha huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki bila pa kutua. Wadudu na wawindaji wao wamo katika upepo mmoja. Nikimwona kerengende juu ya pipa langu la maji, sasa namwangalia kwa heshima nyingine kabisa.

Nimetaja maji. Kaskazi ni majira ya kiu, na kwa ndege wa uani hakuna jema kubwa kuliko maji. Haihitaji gharama. Chukua kigae cha mtungi uliovunjika au sinia la udongo, liwe na kina kifupi, kisichozidi kidole cha shahada. Tia jiwe katikati pa kusimama. Liweke kivulini, lakini mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujificha. Badilisha maji kila siku, maana maji yaliyokaa huleta mbu kwako na maradhi kwao. Wiki ya kwanza huenda asije yeyote. Tetere ndio hutangulia, kisha shore, kisha siku moja unaamka unakuta foleni.

Na kunguru. Siwezi kuzungumzia ndege wa uani pwani nikamkwepa kunguru, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi ili asaidie kula taka za mji, akafika Mombasa mnamo 1947, na tangu hapo amefuata jaa zetu kila zilipo. Anaiba mayai na makinda ya mnana, ya chozi, ya teleka, na mahali alipozidi, wadogo hupungua au hutoweka. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Mimi siupingi mpango huo. Lakini nimeishi karibu na jaa la wazi kwa muda wa kutosha kujua kwamba kuwaangamiza peke yake hakutatosha. Kunguru anazaa kwa kadiri anavyolishwa, na anayemlisha ni mimi na wewe, kwa mabaki ya wali na matumbo ya samaki tunayoyatupa nyuma ya nyumba.

Basi twendeni ufuoni.

Kwa ndege wa matope ya Mida saa ni maji. Mjukuu wangu aliniuliza siku moja, "Bibi, hawa hulala saa ngapi?" Nikamwambia, "Mwanangu, hawa hawafuati jua, wanafuata maji." Maji yakipwa wanakula, hata iwe usiku wa manane, maji yakijaa wanapumzika, hata iwe adhuhuri. Kwa hiyo anayetaka kuwatazama asiende maji yakiwa yamepwa kabisa, kwani watakuwa wametawanyika mbali, vidoa tu juu ya matope. Aende maji yanapojaa. Bahari inawasogeza taratibu kuelekea kwake, tope linapungua, kundi linabanana, na hatimaye wako mbele ya macho yake. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, na Mida huchelewa kidogo kwa kuwa maji yote lazima yapite kwenye mlango wake mwembamba. Ni saa nzuri: jua limelegea, na kazi za nyumbani zimepungua.

Ukishakaa, tazama midomo kabla ya rangi. Rangi za kaskazi ni kijivu na kahawia karibu kwa wote, na ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Midomo haidanganyi. Kuna wenye mdomo mfupi na macho makubwa: hao hukimbia, husimama ghafla, hutazama, hudonoa. Wanawinda kwa macho. Kuna wenye mdomo mrefu: hao hutembea wameinama, wanachomachoma tope bila kupumzika, na ncha ya mdomo wao ina hisia kali sana, humgusa mnyoo wasiyemwona. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda, unaoingia sawasawa katika shimo la kaa. Yupo mwingine mwenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo uliobetuka kwenda juu. Huyo hukimbia ovyo huku na huku akiwafukuza kaa wadogo, na kwa mwendo wake tu unamjua kabla hujaona mdomo. Wengine wanapindua mawe na mwani kutafuta kilicho chini. Wote wako kwenye kipande kimoja cha tope na hawagombani sana, kwa sababu kila mmoja anakula kina chake.

Halafu wapo wanaonisimamisha kila mara: ndege mla kaa. Ni mkubwa, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene usio na mfano kwa jamaa zake wa ufuoni. Yeye hakukimbia baridi ya Siberia. Kwao ni pembezoni mwa Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani za Bara Arabu. Wanazaliana huko kwa makundi wakati wa joto kali kabisa, Aprili hadi Julai au Agosti, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani. Jike hutaga yai moja tu, jeupe, mwisho wa shimo, na joto la mchanga humsaidia kuatamia, jambo ambalo jamaa zake wengine hawalifanyi. Kifaranga hutoka kwenye yai akabaki shimoni, akiletewa kaa na wazazi. Baada ya hapo husafiri kuja kwetu na Bukini, na hata hapa Mida unaweza kumwona kinda aliyekwisha kuwa mkubwa akimfuata mzazi, amejikunyata, analia kuomba chakula.

Njia yao ni njia ya babu zetu. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuwa yakishuka na kaskazi kuja Lamu, Mombasa na Unguja, yakipakia boriti za mikoko, kisha yakingoja kusi kurudi. Tofauti ni kwamba ndege mla kaa hamngoji mtu wala upepo. Yeye huanza kuja Agosti, wakati nahodha angekuwa bado anakarabati tanga. Nawasalimu wasikilizaji wetu walioko Maskati, Sur na Salala. Ninyi mna Barr al-Hikman, ng'ambo ya kisiwa cha Masira, ambako wakati wa baridi ndege wa ufuoni zaidi ya nusu milioni hukusanyika kwenye tope moja kubwa. Ndege wengi wa njia yetu hutegemea tope lile pamoja na la Mida, la mto Sabaki na la delta ya Rufiji. Ufukwe wenu ukifukiwa kwa ajili ya majengo, sisi huku tutaona pengo, na huku kwetu tope likiharibiwa, pengo litaonekana kwenu.

Lakini nikirudi kwa kitwitwi wa Taimyr, kuna habari yake ambayo kila ninayemsimulia huniuliza mara mbili kama ni kweli. Kuna miaka ambapo vijana wake hufika Mida wengi, na kuna miaka hawafiki karibu kabisa, ilhali hapa kwetu hakuna kilichobadilika. Sababu iko kwenye panya. Taimyr kuna panya wadogo wanene waitwao lemingi, ambao idadi yao hupanda na kuanguka, kwa kawaida kila baada ya miaka 3 au 4. Wakiwa tele, mbweha wa theluji hula lemingi na kuwaacha ndege. Wakianguka, mbweha wenye njaa huyageukia mayai na vifaranga, wasibakishe kitu. Miezi miwili baadaye mimi nakaa Mida natafuta manyoya ya ndege wa mwaka wa kwanza, simwoni hata mmoja. Siku hizi wataalamu wanasema mzunguko huo wa lemingi umevurugika sehemu nyingi za kaskazini, theluji haiwi ile ya zamani. Mwezi wa Oktoba 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, liliwapandisha ndege 16 wa ufuoni wanaohama katika orodha ya walio hatarini, na kitwitwi huyu ni mmoja wao.

Sisi hatuna uwezo juu ya mbweha wala lemingi. Tunao uwezo juu ya saa 2 za maji kujaa.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo penye uzito. Maji yanapojaa, ndege hawa hubanana kwenye ulimi mdogo wa mchanga au kwenye mikoko, wakipumzika na kuyeyusha walichokula. Anakuja mtu na mbwa wake, mbwa anawakimbiza, watu wanacheka na kupiga picha za kundi likiruka. Kwa kweli linapendeza likiruka, linageuka jeupe kisha jeusi kwa mara moja. Lakini kila kuruka kunakula mafuta. Ikifika Machi wanahitaji kuongeza uzito upesi, karibu nusu ya uzito wao na wengine zaidi ya hapo, mafuta chini ya ngozi, maana mbele yao kuna bahari na jangwa. Jahazi linalopakia halitolewi bandarini kabla halijajaa shehena, na hawa nao wasipojaza hawafiki. Wanaporushwa asubuhi, mchana na jioni, wanaondoka wepesi, na ndege aliyeondoka mwepesi hatumwoni tena Agosti.

Kwa hiyo ninapowaona vijana wetu wa Mida, wale wanaotembeza watalii kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko, wakimzuia mgeni asisogee zaidi, nafurahi sana. Wanajua wanachokilinda kuliko wengi wenye vyeti. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na Mida imo ndani ya eneo linalolindwa. Shirika la A Rocha Kenya nalo kwa miaka mingi limefanya hapa kazi ya kuwavisha ndege hawa pete miguuni. Hata hivyo sheria haiwezi kusimama ufuoni kila maji yanapojaa. Anayeweza ni anayeishi hapo.

Mwendo mfupi kaskazini mwa Malindi mto Sabaki unaingia baharini na maji yake ya udongo mwekundu. Mwenye nguo za kuchafuka na aende huko jioni za kaskazi. Buabua, wale ndege weupe wa baharini wenye mkia wa panda, hushuka kulala kwenye mafungu ya mchanga, wakubwa kwa wadogo, pamoja na shakwe waliotoka kaskazini ya Urusi. Wadogo kabisa miongoni mwa buabua hao huzaliana Bahari ya Shamu na pwani za Arabuni. Kwa wavuvi wa mishipi buabua si pambo. Jirani yangu, mzee aliyezeekea baharini, hutafuta buabua kwanza kabla ya kutafuta samaki: wakizunguka mahali pamoja na kujitupa majini, basi chini yao jodari wanawasukuma dagaa juu. Nilimuuliza, "Shikamoo mzee, na wasipoonekana?" Akasema, "Marahaba. Wasipoonekana narudi mapema, nipumzishe mafuta ya mashine."

Aprili ndio mwezi wa kuwaaga, na anayeweza kwenda siku moja tu kwa mwaka na aende mwanzoni mwa Aprili. Wale wa kijivu waliokukatisha tamaa Januari wamebadilika. Kitwitwi wa Taimyr amekuwa mwekundu wa matofali, kifua chote na tumbo. Wengine wamevaa nyeusi kifuani, wengine dhahabu mgongoni. Ni nguo za kule wanakokwenda, lakini zimefumwa hapa, kwa minyoo na kaa wa hapa. Jioni kundi linakuwa na wasiwasi, linapaza sauti, linapanda juu zaidi kuliko kawaida yake, na linaelekea kaskazini.

Halafu kusi inaanza, na ile baridi ya pili, ya kusini, inaleta watu wake. Sabaki hupokea ndege wa kahawia mwenye mbawa ndefu anayeruka kwa ustadi wa mbayuwayu, ambaye huzaliana Bukini peke yake na kuja kwetu kungoja majira yapite. Keremkerem wa Bukini nao hufika. Ndani ya magofu ya Gede, chini ya mibuyu, kuna ndege wa madoa kifuani anayeparura majani makavu kimyakimya. Wale wa aina yake wanajulikana kuzaliana uwanda wa juu wa Rondo, kusini mwa Tanzania, na wengi wanaoingia Gede kutazama misikiti na makaburi hupita karibu naye wasijue. Baharini, buabua wengine huchagua kipupwe kutaga: kwenye kijisiwa cha mbele ya Watamu kiitwacho Whale Island, na kwenye visiwa vya Kiunga huko Lamu. Na wale wa bahari kuu hasa, wasiotaka kuona nchi kavu, wana Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki ya Unguja, kipande cha mwamba na mchanga kisicho na mti hata mmoja, kilichojaa ndege wanaotaga chini.

Uingereza, mwishoni mwa Januari kila mwaka, watu kwa mamia ya maelfu hukaa saa 1 dirishani na kuandika ndege waliotua bustanini mwao. Kazi hiyo ilianza mwaka 1979, na daftari hizo zimewaonyesha ni ndege gani wanaopungua kabla hawajaisha. Sisi nasi Januari tuna hesabu ya ndege wa majini inayofanywa nchi nyingi kwa pamoja, na tangu 2013 Kenya ina mradi wa ramani ya ndege, Kenya Bird Map, ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuuchangia. Natamani baraza nyingi zaidi ziingie. Huhitaji kujua jina la kila ndege. Andika tarehe, mahali, saa, hali ya maji, na wale unaowajua kwa hakika. Mama anayekaanga mihogo karibu na daraja la Mida anaona zaidi ya mtaalamu anayekuja mara moja kwa mwaka, kwa kuwa yuko pale kila siku.

Na kuna jambo moja ambalo ni mkaazi pekee anayeweza kuliandika. Ndege wengi wa ufuoni hawaendi kuzaa mwaka wao wa kwanza. Wenzao wakubwa wakiondoka Aprili wamevaa nyekundu, hawa hubaki Mida na kijivu chao, kusi yote, mvua ya masika yote, kipupwe chote. Katika miezi hiyo watalii ni wachache, wahesabuji hawapo, na ndiyo miezi ambayo watu huanza kukata mikoko na kuchimba mchanga wakiamini ufuo ni mtupu. Sio mtupu. Ukiwaona kitwitwi wachache topeni mwezi wa Juni usidhani ni wagonjwa au wamepotea njia. Andika idadi yao, andika siku, na ukimkuta anayepima kiwanja juu ya tope hilo, mwonyeshe.